Nchi yenye vifo vingi vya uzazi inapataje alama kamili ya ufanisi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi leba kwa miaka kadhaa na sasa nasomea uongozi wa huduma za afya. Kwa ajili ya tasnifu yangu nimesoma ripoti inayopanga nchi kwa ufanisi wa huduma za umma za uzazi na za watoto wachanga. Zimo nchi ambazo wanawake wengi hufariki wakijifungua, nazo zimepewa alama kamili. Zimo nchi tajiri ambazo vifo hivyo ni nadra mno, nazo zimewekwa mkiani. Msimamizi wangu anataka nipendekeze nchi ya kuigwa. Niiamini ripoti au niyaamini niliyoyaona kazini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uliyoyaona kazini ni ya kweli, na huenda waandishi wa ripoti nao hawakukosea hesabu hata moja. Ila swali walilojibu silo ulilonalo wewe. Wao wameuliza: kwa wakunga, vitanda na fedha zilizotumika, je, kilichopatikana kinalingana na kile ambacho nchi nyingine zimepata kwa kiasi kama hicho? Wewe unauliza: ni wapi mama anaingia leba na kutoka salama na mwanawe? Nchi inayotumia kidogo sana na kupata kidogo sana inaweza kulijibu vizuri swali la kwanza huku ikishindwa vibaya la pili. Kabla hujaandika pendekezo lolote, fungua ukurasa wa ripoti unaoeleza jinsi alama ilivyotengenezwa. Maneno makubwa yako kwenye muhtasari, lakini majibu yako yamo humo.

Njia inayotumiwa mara nyingi ni ile ya mpaka wa ufanisi. Wazo lilianza na Michael Farrell mwaka 1957, na mwaka 1978 Abraham Charnes, William Cooper na Edwardo Rhodes wakaligeuza kuwa hesabu ambayo leo kompyuta yoyote inaiweza. Unaorodhesha kilichowekwa (wakunga, madaktari, vitanda, matumizi kwa kila mtu) na kilichopatikana (mahudhurio ya kliniki, kujifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi, chanjo, watoto waliobaki hai). Programu inatafuta nchi ambazo hakuna nyingine iliyopata zaidi kwa kiasi kilekile. Hizo ndizo zinazochora mpaka, na zote zinapewa alama kamili. Zilizobaki zinapimwa kwa umbali wao kutoka kwenye mpaka huo.

Hapa pana mtego wa kwanza. Ikiwa hesabu inaruhusu nchi ndogo na kubwa zisilinganishwe moja kwa moja, kama inavyofanywa mara nyingi, basi nchi yenye wahudumu wachache kuliko wote inapata alama kamili hata kabla matokeo yake hayajatazamwa. Hakuna nchi nyingine yenye wahudumu wachache kiasi hicho ya kuilinganisha nayo, kwa hiyo hesabu inaitangaza bora kwa kukosa mshindani. Nchi uliyoishangaa kwenye ripoti huenda iko juu kwa sababu hiyo tu.

Mtego wa pili ni mzito zaidi, na naomba utulie nao. Kifo si zao. Hesabu hizi zinataka kitu ambacho kikiongezeka ni heri. Kwa hiyo watafiti hugeuza vifo kuwa idadi ya waliopona. Chukua nchi mbili za mfano. Ya kwanza inapoteza wanawake 500 kwa kila vizazi hai 100,000. Ya pili inapoteza 10. Ukigeuza, ya kwanza ina waliopona 99,500 na ya pili 99,990. Tofauti ya vifo ni mara hamsini. Tofauti ya waliopona haifiki hata nusu ya asilimia moja. Sasa tuseme nchi ya pili ina wakunga mara nne ya wale wa nchi ya kwanza. Kwa hesabu hiyo imeweka mara nne na haijapata karibu chochote cha ziada, kwa hiyo itaonekana mbadhirifu. Wanawake 490 wamepotelea kwenye mgawanyo wa namba. Mtafiti mwingine angetumia njia tofauti, yaani kugawa moja kwa idadi ya vifo, na nchi ileile ya pili ingeruka hadi juu. Data hazijabadilika, uamuzi mmoja wa mezani ndio uliobadilisha. Ukigundua kwamba ripoti yako haielezi vifo viligeuzwaje, andika hivyo kwenye tasnifu yako bila woga.

Kuna la tatu, fupi. Ukiwa na nchi chache na vipimo vingi, karibu kila nchi itapata kipimo kimoja inachong'ara na itafika kwenye mpaka. Kanuni ya kazi ni kwamba idadi ya nchi iwe walau mara tatu ya jumla ya vipimo vyote vya pande mbili. Hesabu mwenyewe uone.

Upangaji wa nchi kwa namna hii uliwahi kuitikisa dunia. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilipanga mifumo ya afya ya nchi 191. Ufaransa ikawa ya kwanza na Marekani ya 37. Ubishi ulikuwa mkali kuhusu data zilizokosekana na uzito uliopewa kila kipimo, na shirika halikurudia zoezi hilo. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba orodha ya namna hii inafaa kuonyesha pa kwenda kuchunguza. Kuitumia kama hukumu ni kuitwika mzigo isiouweza.

Tuje kwenye kinachohesabiwa kuwa matokeo. Ripoti nyingi huhesabu mahudhurio kwa kuwa yanapatikana kwenye rejista. Lakini wewe umekaa kliniki na unajua hudhurio moja linavyoweza kuwa. Mama anaweza kupimwa shinikizo, mkojo na damu, akasikilizwa na akarudi nyumbani anajua dalili za hatari. Mwingine anaweza kupanga foleni asubuhi nzima, akagongewa muhuri na kuambiwa aje mwezi ujao. Kwenye rejista wote wawili ni hudhurio moja. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio yanayopendekezwa kutoka manne hadi manane, na ni jambo jema, lakini hudhurio tupu ukilizidisha mara nane linabaki tupu.

India imetufundisha hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2005 ilianzisha mpango wa kuwapa wanawake fedha taslimu wakijifungulia kituoni. Katika muda wa miaka kumi, waliojifungulia vituoni walipanda kutoka karibu asilimia 39 hadi 79. Ni kazi kubwa iliyofanywa upesi, na ukiipima kwa mahudhurio utaipa alama ya juu. Ila tafiti kadhaa za miaka ya mwanzo hazikuona vifo vikipungua kwa kiasi kilichotarajiwa. Wanawake waliitikia wito, wakakuta vituo visivyo na damu, visivyo na mtu wa kufanya upasuaji, na wakunga waliolemewa. Vifo vya uzazi nchini humo vimeendelea kushuka miaka iliyofuata, na hilo tulifurahie. Lakini ulinganishe ufanisi wa miaka ile kwa kuhesabu waliofika na kwa kuhesabu waliopona, utapata hadithi mbili.

Upasuaji nao una shida yake. Kiwango kikiwa chini sana, wanawake wanakufa kwa kukosa kisu. Kikipanda kupita takribani asilimia 10 ya vizazi vyote nchini, vifo vya akina mama na watoto wachanga havionekani kupungua kwa sababu ya nyongeza hiyo. Duniani leo zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa kwa upasuaji, na nchini Brazil ni zaidi ya nusu. Ripoti inayohesabu kila upasuaji kuwa huduma iliyotolewa inaizawadia nchi kwa kuwapasua wanawake ambao hawakuhitaji, huku ndani ya nchi hiyohiyo mwanamke wa kijiji cha mbali akikosa anaouhitaji. Wastani unaweza kuficha mambo yote mawili kwa pamoja.

Halafu swali la kuhesabu kwenyewe. Vifo vya watoto wachanga havisajiliwi kwa namna moja: mtoto aliyezaliwa wiki ya 22 akapumua kidogo, nchi moja itamwandika kuwa alizaliwa hai akafariki, nyingine haitamwandika kabisa. Marekani iliweka kwenye hati ya kifo kisanduku cha kuuliza kama marehemu alikuwa mjamzito au alikuwa hivyo karibuni, kuanzia mwaka 2003, majimbo yakakipokea moja baada ya jingine, na sehemu ya ongezeko la vifo vya uzazi lililoonekana katika miaka iliyofuata ilitokana na namna mpya ya kuandika. Kwa upande wa pili, katika nchi nyingi zisizo na usajili kamili, vifo vya uzazi hukadiriwa kwa kuwauliza watu nyumbani kuhusu dada zao waliofariki, na mara nyingi makadirio hayo yanahusu miaka saba iliyotangulia utafiti. Ukichukua namba hiyo ukaigawa kwa bajeti ya mwaka huu, umewapima wahudumu wa leo kwa misiba ya jana.

Sisemi kwamba Marekani inaonewa. Inatumia takribani asilimia 17 ya pato lake kwa afya, na mwaka 2021 takwimu zake zilionyesha vifo vya uzazi 32.9 kwa vizazi hai 100,000, vikashuka hadi 18.6 mwaka 2023. Norway, Japani na nchi nyingi za Ulaya ziko chini zaidi kwa matumizi madogo zaidi. Hata ukirekebisha makosa ya usajili, pengo hilo halifutiki, na wanawake weusi wa Marekani ndio wanaolilipa zaidi.

Sasa kuhusu nchi ya kuigwa. Ukinilazimisha nitaje moja nitataja Sri Lanka, lakini soma nilichokiona huko kwa mpangilio wake. Miaka ya mwanzo ya 1930 vifo vya uzazi vilikuwa zaidi ya 2,000 kwa vizazi hai 100,000. Kufikia 1950 vilikuwa kati ya 500 na 600. Viliendelea kupungua muongo baada ya muongo, na leo havifiki 40. Serikali haikuwahi kumwaga fedha. Kwa miongo mingi matumizi yake ya afya yalikuwa karibu asilimia 2 ya pato la taifa. Kilichofanyika ni kwamba mkunga wa afya ya jamii aliwekwa karibu na nyumba za watu, kila mmoja akiwa na eneo lake na familia anazozifahamu, na nyuma yake kuna hospitali inayompokea mama anayemleta bila kumtoza. Usajili wa vizazi na vifo ulikuwapo tangu karne ya 19, kwa hiyo walijua nani amekufa na wapi. Baadaye kila kifo cha mama kikawa kinachunguzwa: nini kilitokea, saa ngapi, nani alisubiri nini. Pembeni ya hayo, wasichana walikuwa wakienda shule, na malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu.

Programu ya mpaka wa ufanisi itakuonyesha kwamba Sri Lanka inatumia kidogo na kupata kingi. Haitakuonyesha kwamba matokeo ya leo yanatokana na uamuzi wa miaka tisini iliyopita. Nchi inayoiga bajeti ndogo ya Sri Lanka bila kuiga uvumilivu wake itapata ile bajeti ndogo tu. Uingereza nayo imekuwa na uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi kitaifa tangu 1952, ambao lengo lake ni kujifunza, wala si kumtafuta wa kumwadhibu. Kwenye jedwali la matumizi, kazi hii inaonekana ndogo. Mimi naiweka juu ya vitu vyote ambavyo wizara inaweza kuvinunua.

Finland nayo ni ya kuangaliwa kwa jambo moja. Mwaka 1938, ambapo watoto 65 kati ya 1,000 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza mwaka, ilianza kuwapa akina mama wa kipato cha chini sanduku la nguo na mahitaji ya mtoto. Mwaka 1949 likawa la kila mama. Watu husifu sanduku. Sharti lake ndilo lenye nguvu: ulipewa ukifika kliniki kabla ya mwezi wa nne wa ujauzito kwisha, na kliniki za bure zilikuwapo kweli kila mahali. Zawadi inayompeleka mama kwenye mlango ulio wazi ina maana. Inayompeleka kwenye mlango uliofungwa ni usumbufu.

Nikushauri jambo ambalo wewe, mkunga, unalifahamu kuliko mchumi yeyote. Ufanisi mkubwa wa huduma hizi umo ndani ya dakika chache za leba. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na damu hiyo kwa desturi tuliikadiria kwa macho. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Pale walipotumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo kukinga damu, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, visa vya kutokwa damu kwa kiwango kikubwa vilipungua kwa asilimia 60. Kwa makadirio ya macho, karibu nusu tu ya wanaotokwa damu kupita kiasi walitambuliwa. Kwa mfuko, zaidi ya tisa kati ya kumi. Wahudumu ni walewale, dawa ni zilezile tulizozizoea. Hiyo ndiyo maana ya ufanisi ambayo niko tayari kuitetea popote.

Vivyo hivyo kumweka mtoto njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Utafiti wa nchi tano uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kunapunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Na kwa upande wa hasara: oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikilala kwenye kabati la joto, fedha imetumika, sindano imechomwa, rejista imejazwa, na mfuko wa uzazi haukazi. Kwenye hesabu ya nchi, hiyo ni huduma iliyotolewa.

Upo pia upotevu ambao wastani wa taifa hauonyeshi: zahanati yenye wakunga wawili wanaozalisha mara chache kwa mwezi, na hospitali iliyo njia moja nayo ambako kitanda kimoja kina akina mama wawili. Ukijumlisha wilaya nzima, uwiano wa wakunga unaonekana mzuri. Wa zahanati wanapoteza ujuzi wa mkono, wa hospitali wanapoteza nguvu. Suluhisho si rahisi, kwa kuwa ukifunga vituo vidogo unamrefushia mama safari. Finland imeweka sharti kwamba hospitali ya uzazi iwe na vizazi visivyopungua 1,000 kwa mwaka, pamoja na ruhusa za pekee kwa maeneo ya mbali, na bado hoja ya wanaojifungulia njiani inarudi kila inapofungwa nyingine. Jibu lako litategemea barabara, gari la wagonjwa na mvua, na hayo hakuna ripoti ya kimataifa itakayokupa.

Usisahau gharama ambazo hazimo kabisa kwenye vitabu vya serikali. Familia inaponunua glovu, uzi na dawa, ndugu anapolala sakafuni ili amhudumie mgonjwa, mama anapouza mali alipie usafiri wa rufaa, matumizi ya umma yanabaki madogo na alama ya ufanisi inapanda. Mimi siuiti huo ufanisi. Ni mzigo uliohamishwa kutoka bega la dola kwenda bega la mwanamke, na kila nchi yenye alama ya juu iulizwe kwanza wananchi wake wanalipa kiasi gani mfukoni.

Kwa hiyo kwenye tasnifu yako, usipendekeze nchi. Pendekeza vitendo vilivyothibitika, na kwa kila kimoja taja masharti yaliyokifanya kifaulu. Rudia hesabu ya ripoti mara mbili, mara moja kwa waliopona na mara moja kwa kugawa moja kwa vifo, uweke majedwali yote mawili ubavuni ili msimamizi wako aone nchi zinavyopanda na kushuka. Kisha, ukiweza kupata kibali, linganisha vituo vya ndani ya nchi moja vinavyopokea wanawake wanaofanana: dakika kutoka uamuzi wa upasuaji hadi mtoto kutoka, siku ambazo benki ya damu ilikuwa tupu, rufaa zilizokataliwa mlangoni.

Ongeza na watoto waliozaliwa wafu. Kwa mwaka ni karibu milioni 1.9 duniani, na zaidi ya asilimia 40 yao hufa uchungu ukiwa umeshaanza, yaani walikuwa hai mama alipopata uchungu. Hakuna kipimo kinachoonyesha ubora wa leba kwa ukaribu kama hicho, na ukikuta ripoti yako ina safu ya watoto waliobaki hai pekee, jua imekikosa. Rejista za leba huwa nacho. Anza na hicho.